Subira ya Mgonjwa na Wajibu wa Wanaomuuguza

Swali linalochunguzwa hapa ni la zamani kuliko hospitali zote: je, mtu anayekufa kwa ugonjwa usiopona anapaswa kuyavumilia maumivu yake kama mtihani kutoka kwa Mungu, au ni wale wanaomzunguka wanaopaswa kuyaondoa kadiri wawezavyo, na wasipoyaondoa ilhali yanaondoleka, wamemkosea nani? Mjini Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, swali hili haliulizwi darasani. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye ugonjwa wa muda mrefu hufia nyumbani mikononi mwa jamaa zake, na dini zote za mji huo zina neno la kusema kando ya kitanda chake, yaani Ukatoliki ulioletwa kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika na Wamisionari wa Afrika tangu miaka ya 1880, Uislamu uliotangulia kuvuka maji kwa njia ya wafanyabiashara wa Ujiji, Uprotestanti, Ukimbangu na makanisa ya uamsho.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba subira, ambayo dini zote hizo huiheshimu kwa haki, ni tendo la hiari la anayeumwa, na kwa sababu hiyo hakuna jamaa, padri, shehe wala mchungaji mwenye mamlaka ya kumdai mgonjwa subira mahali pa kumpa dawa. Maumivu yasiyo na dawa yanaweza kuitwa mtihani wa mgonjwa, lakini yale ambayo dawa yake imekwisha kujulikana yamekuwa mtihani wa walio wazima, na wao ndio watakaoulizwa.

Inafaa kwanza kueleza maana ya hospisi, kwa kuwa wengi hudhani ni jengo la kupeleka watu wakafie. Hospisi ni utaratibu wa kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, kwa kumtuliza maumivu na dalili nyingine, kumsaidia yeye na jamaa zake katika hofu, madeni, ugomvi na maswali ya imani, na kumwacha aziishi siku zilizobaki pasipo kukiharakisha kifo wala kukiahirisha kwa nguvu. Huduma hiyo, ambayo wataalamu wa Tanzania na Kenya huiita tiba shufaa au huduma shufaa, inaweza kutolewa hospitalini, katika nyumba maalumu, au palepale mgonjwa alipolala. Chimbuko lake la karibuni ni la kidini: Jeanne Garnier, mjane wa mjini Lyon aliyekuwa amefiwa na watoto wake, alianzisha mwaka 1842 chama cha wanawake wa kuwatunza wagonjwa wasiopona, na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967 bila kuificha imani yake ya Kikristo. Saunders ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne, upande wa mwili, wa nafsi, wa jamii na wa roho, na kwamba pande hizo hulishana, hata mtu mwenye kidonda na deni huumwa kidonda hicho kuliko mwenye kidonda peke yake. Barani Afrika hospisi ya kwanza ilianzishwa mwaka 1979 katika mji ambao leo ni Harare, ikafuata ile ya Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekwisha kufanya kazi Nigeria, Singapore na Kenya, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambayo itarejewa baadaye kwa sababu ndiyo iliyoonyesha jinsi jambo hili linavyowezekana katika nchi yenye madaktari wachache na barabara mbovu.

Katika nyumba ya kawaida ya Kataki au Kamkolobondo sehemu kubwa ya kazi ambayo hospisi za nchi tajiri huajiri watu kuifanya hufanywa na jamaa bila mshahara na bila jina. Ichukuliwe kwa mfano familia ya mama mwenye saratani ya titi iliyokwisha kupasuka kidonda, ambaye amerudishwa kutoka hospitalini baada ya jamaa kuambiwa kwamba hakuna linalobaki kufanywa, nao jamaa hao walikuwa wamekwisha kuuza mali ili kulipa, kwa kuwa nchini Kongo mgonjwa hujilipia mwenyewe karibu kila kitu na wapo wanaozuiliwa hospitalini hadi deni liishe. Mdogo wake huja kwa boti kutoka Moba na kulala chini kando ya kitanda. Binti mkubwa huacha shule kwa muda ambao mara nyingi hugeuka kuwa moja kwa moja, huwasha mbabula alfajiri, hupika uji mwepesi ambao mgonjwa humeza vijiko viwili vitatu, humgeuza ubavu ili asichubuke mgongo, na hufua vitambaa ambavyo harufu yake haitoki kwa sabuni ya kawaida. Jioni huja wanajumuiya kusali na kuimba, wanaume hukaa nje kwenye viti vya kuazima, watoto huingia na kutoka, na mgonjwa hakosi mtu wa kumshika mkono saa yoyote ya usiku. Hilo si jambo dogo. Wazee wengi wa Ulaya hufa katika vyumba safi wakiwa na muuguzi anayepita kila baada ya muda, na wangetoa mengi kupata nusu ya watu waliojaa katika chumba hiki.

Hata hivyo kuwapo kwa watu hakuondoi maumivu, na sifa zinazomiminwa juu ya mshikamano wa jamaa wa Kiafrika zimetumika mno kulifunika jambo hilo. Saratani inayokula mfupa haitulii kwa kushikwa mkono. Usiku, wakati mazungumzo yamekwisha na vidonge vya parasetamo vimeshindwa, mgonjwa huanza kwa kuguna, kisha hulia, kisha huwaomba walio karibu wamwache afe, na watu wale wale waliojaa upendo huanza kukwepa chumba, mmoja akisingizia maji, mwingine akisingizia mtoto. Harufu ya kidonda nayo huwasogeza wageni mlangoni. Katika jambo hili la harufu kinachokosekana ni maarifa tu, kwa kuwa vidonge vya metronidazo, vile vile vinavyonunuliwa katika duka lolote la dawa kwa ajili ya amiba, vikisagwa na unga wake ukanyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, huwaua vijidudu vinavyotoa uvundo, na kwa muda wa siku chache mama huyo anaweza kukaa tena na wageni wake bila aibu. Fundisho hilo linalofundishwa na hospisi za Afrika kwa dakika chache humrudishia mtu sehemu ya heshima ambayo sala peke yake haikumrudishia.

Kwa maumivu yenyewe dawa inajulikana tangu zamani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1986 ngazi ya hatua tatu za kutuliza maumivu ya saratani, kuanzia dawa nyepesi kama parasetamo, kupitia dawa za kati, hadi mofini, ambayo ni dawa ya jamii ya afyuni inayofanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo kwa kuzuia ujumbe wa maumivu usipokewe kwa nguvu yake yote. Kampala, unga wa mofini huchanganywa na maji, dawa ya kuzuia maji hayo yasiharibike, na rangi inayotofautisha nguvu yake, kijani kwa ile hafifu na waridi kwa ile kali, kisha hutiwa katika chupa ya plastiki ambayo mgonjwa hupelekewa nyumbani. Mgonjwa huanza kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, na kipimo cha usiku huongezwa maradufu ili alale. Kwa kuwa mofini hufunga choo, hupewa pia dawa ya kulainisha, na palipokosekana dawa hiyo wauguzi wa Uganda hufundisha jamaa kukausha mbegu za papai, kuzisaga na kumpa mgonjwa kijiko. Mpapai hauhitaji kuagizwa kutoka Ulaya, na unga wa mofini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa duniani. Pamoja na hayo, tume iliyoundwa na jarida la Lancet iliandika mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hii, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, ambazo husambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Nambari hizo zinatosha kuonyesha kwamba kilio cha usiku kinachosikika Kalemie kina sababu za kibinadamu, ambazo zina anwani, na kwamba kukihesabu moja kwa moja kuwa mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu mambo ya watu.

Hapa ndipo lilipo pingamizi la kidini, na lazima lipewe nguvu yake yote, maana wanaolitoa hawalitoi kwa ukatili. Husemwa kwamba Mungu humjaribu mja wake kwa ugonjwa, kwamba maumivu husafisha dhambi, kwamba Ayubu alivumilia na Kristo aliteswa, na kwa hiyo mwamini wa kweli hakimbilii dawa ya kulevya katika saa ambayo angepaswa kuwa macho mbele ya Muumba wake. Kauli ya "tumwachie Mungu", inayosikika katika kila nyumba yenye mgonjwa, wakati mwingine ni tamko la imani kubwa, na wakati mwingine ni njia ya kufunga mazungumzo ambayo hakuna aliye na nguvu ya kuyaendeleza.

Lakini Ayubu anayetajwa hivyo si Ayubu wa maandiko. Katika Biblia mtu huyo analalamika sura baada ya sura, anailaani siku aliyozaliwa, anamdai Mungu majibu, ilhali rafiki zake watatu, ambao walifanya vema walipokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wanaharibu kila kitu wanapofungua kinywa kumweleza kwa nini anateseka na jinsi inavyompasa kuyapokea mateso hayo. Na mwishoni mwa kitabu hasira ya Mungu inawawakia waelezaji, wala haimwakii aliyelalamika. Katika Kurani, ambamo Ayubu ni nabii na mfano wa subira, sura ya Al-Anbiyaa inamwonyesha akimlilia Mola wake kwamba dhara imempata, na sura ya Saad inaeleza kwamba jibu alilopewa ni amri ya kuipiga ardhi kwa mguu wake yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Mfano mkuu wa subira katika dini zote mbili, basi, ni mtu aliyesema wazi kwamba anaumwa, na katika simulizi la Kiislamu Mungu hakumjibu kwa mawaidha, alimpa kitu cha kuutuliza mwili. Anayemnyamazisha mgonjwa kwa jina la Ayubu amejiweka upande wa wale rafiki watatu.

Lipo jambo la ndani zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, mwanamke mweusi mwenye kifafa alimwendea Mtume kumwomba amwombee dua, naye Mtume akamwekea mambo mawili mbele yake: akitaka avumilie na apate Pepo, akitaka aombewe apone. Mwanamke akachagua kuvumilia, lakini akaomba mwili wake usifunuke anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo. Hadithi hii fupi ina karibu yote yanayohitajika katika suala hili, kwa sababu aliyechagua ni mgonjwa mwenyewe, aliulizwa kabla ya kuamuliwa, na hata baada ya kuuchagua uvumilivu, ile dalili iliyomvunjia heshima haikuachwa ibaki kama sehemu ya lazima ya mtihani wake. Injili ya Marko nayo inasimulia kwamba Yesu alipofikishwa mahali pa kusulubiwa alipewa divai iliyotiwa manemane, kinywaji cha kupoza maumivu, naye hakukipokea. Na wapo wahubiri wanaolitumia tukio hilo kuwafundisha wagonjwa kukataa dawa. Wanasahau kwamba kinywaji kile kilitolewa. Mapokeo ya Kiyahudi yaliyohifadhiwa katika Talmudi yanaeleza kwamba wanawake wa heshima wa Yerusalemu ndio waliokuwa wakiwaandalia waliohukumiwa kufa kinywaji cha namna hiyo, na kwamba walikuwa wakifuata kitabu cha Mithali kinachoagiza apewe kileo yule aliye karibu kupotea. Kukataa kulikuwa haki ya anayekufa, kutoa kulikuwa wajibu wa waliobaki, na wala haikumpasa mtu yeyote kuificha divai kwa kudhani kwamba huenda anayesulubiwa ni mtakatifu ambaye asingeihitaji.

Mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki yamelisema jambo hili kwa maneno ya kisheria. Papa Yohane Paulo II, ambaye mwaka 1984 aliandika waraka mzima juu ya thamani ya mateso ya mwanadamu na hawezi kushukiwa kuyadharau, alifundisha katika waraka wake wa mwaka 1995 kuhusu uhai kwamba anayekataa kwa hiari dawa za maumivu ili ashiriki mateso ya Kristo anastahili sifa, lakini ushujaa huo hauwezi kuhesabiwa kuwa wajibu wa kila mtu. Katika sheria ya Kiislamu, ijapokuwa vileo vimekatazwa, kanuni ya dharura, ambayo huruhusu kilichokatazwa pale ambapo kukikosa kunaleta madhara makubwa, ndiyo ambayo kwayo wanazuoni wengi huruhusu dawa kama mofini kwa mgonjwa anayezihitaji. Imamu au padri anayewaambia jamaa kinyume cha hayo hasimamii ukali wa dini yake, maana dini yake imekwisha kumtangulia katika huruma.

Pingamizi la pili, hofu ya kwamba mofini humwua mgonjwa, ni la watu wa dini na wauguzi vilevile, na linaweza kujibiwa kwa ufupi zaidi. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alipokuwa akizungumzia mtu anayejitetea dhidi ya mshambuliaji, alitofautisha kati ya matokeo ambayo mtu anayakusudia na yale yanayofuata bila kukusudiwa, na kutokana na wazo hilo ilikua kanuni ya matokeo mawili, inayosema kwamba tendo jema lenye kusudi jema linaweza kuruhusiwa hata kama linaambatana na athari mbaya isiyotakiwa, mradi athari hiyo si njia ya kulifikia jema na haizidi jema lenyewe. Papa Pius XII aliitumia kanuni hiyo mwezi Februari 1957, alipowajibu madaktari kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata kama inaweza kufupisha maisha yake, ikiwa kinachokusudiwa ni kutuliza tu na hakuna njia nyingine. Uzoefu wa hospisi kwa zaidi ya miaka 50 umeonyesha hata hivyo kwamba kanuni hiyo huhitajika mara chache kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu mofini ikianzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole kwa kufuata maumivu, kwa kawaida haiharakishi kifo. Mgonjwa anayekufa siku mbili baada ya kuanza dawa ameuawa na saratani. Jamaa wanapaswa kuelezwa hivyo mapema na kwa uwazi, la sivyo aliyeshika kijiko mara ya mwisho ataubeba mzigo usio wake maisha yake yote.

Kumwambia mgonjwa ukweli ni sehemu ngumu zaidi ya huduma hii. Katika familia nyingi za Kalemie mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuambiwa kwamba hatapona, kwa kuwa kumwambia huonekana kuwa ni kumtangulizia kifo, na makanisa yanayohubiri miujiza huongeza kwamba kukiri ugonjwa ni kukosa imani, hivyo mgonjwa hubebwa kutoka chumba kimoja cha maombi hadi kingine, akifunga kula wakati mwili hauna tena cha kufunga, na anapozidi kudhoofika huulizwa ni dhambi gani aliyoificha. Wakatoliki nao humwita padri akiwa mgonjwa hatambui mtu, ingawa tangu mwaka 1972 ibada ya mpako wa wagonjwa imepangwa upya ili itolewe kwa wenye ugonjwa mzito pasipo kungoja saa ya kufa. Nia ya kumficha mgonjwa ni ya upendo. Hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa hujua. Anauona uso wa binti yake, anasikia minong'ono ya uani, anahesabu jamaa wa mbali wanaowasili bila sababu inayotajwa, na matokeo ya siri hiyo ni kwamba yeye na watu wake hudanganyana kwa uangalifu mkubwa katika wiki zile ambazo wangehitaji kusema kweli kuliko wakati wowote.

Hasara yake inapimika kwa kipimo cha desturi za wenyeji wenyewe. Kwa Waluba, Waholoholo, Watabwa na majirani zao, mzee haondoki tu, huacha neno. Husuluhisha waliogombana, huwabariki watoto, hutaja madeni yake na ya wengine, huagiza mahali pa kuzikwa. Placide Tempels, mmisionari Mfransiskani wa Ubelgiji aliyeishi Katanga na kuandika mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kutokana na yale aliyoyaona hasa kwa Waluba, alidai kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai inayopokewa na kupitishwa kati ya watu. Wanafalsafa wa Kiafrika, Paulin Hountondji akiwamo, wamempinga kwa haki kwa kuwabebesha watu wote wa jamii nzima wazo moja lisilo na mwandishi, lakini hata wapinzani wake hawawezi kukana kwamba baraka ya anayekufa ina uzito mkubwa katika nyumba hizi. Uislamu nao huusisitiza wasia na kuuwekea mpaka wa theluthi moja ya mali. Sasa, mtu asiyeambiwa kwamba anakufa ataachaje neno? Na aliyeambiwa, lakini analia kwa maumivu mchana kutwa, atapata wapi utulivu wa kusuluhisha wanawe? Aliyenyimwa dawa na aliyenyimwa ukweli wamenyimwa kitu kile kile, nafasi ya kufa kama mtu mwenye mamlaka juu ya mambo yake. Wa kwanza kuumia kwa siri hiyo ni mjane na watoto, kwa kuwa sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa haki katika urithi, lakini ndugu wa marehemu wanaofika na funguo mpya siku ya tatu ya kilio hawazuiliwi kirahisi pasipo neno lililosemwa mbele ya mashahidi.

Pengo linaloachwa na ukweli usiosemwa hujazwa na tuhuma. Pale ambapo hakuna aliyeeleza saratani ni nini, huulizwa ni nani aliyeileta, na jibu huangukia mara nyingi kwa mwanamke mzee au kwa mtoto asiye na mtetezi, anayeitwa mlozi na kufukuzwa na watu ambao wiki moja kabla yake walikuwa wakila naye.

Yote yaliyosemwa juu ya jamaa waliojaa chumbani yanahitaji pia kupunguzwa kwa jambo moja. Tangu mapigano ya Waluba na Watwa, hasa yale ya miaka ya 2016 na 2017, maelfu ya watu walikimbilia pembezoni mwa Kalemie, na mtu anayekufa katika kibanda cha turubai, ndugu zake wakiwa wametawanyika, hana tena ule ukoo ambao hoja za kujivunia mila humhesabia. Kwake yeye jirani wa kibanda cha pili, mhamasishaji wa afya ya jamii ambaye nchini Kongo huitwa reko, na jumuiya ndogo ya Kikristo au majirani wa msikitini ndio ukoo. Hata katika nyumba iliyokamilika, uzito hauwaangukii wote sawasawa: wanaume hujadili na kuchanga, wanawake huosha na kukesha, na ni nadra kumsikia mhubiri akitaja masomo ya binti yaliyokatika kuwa ni sehemu ya gharama ya kifo hicho.

Ziwa hili liliwahi kuwa na mfano wa mtu aliyekataa kutenganisha dawa na sala. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema, ng'ambo ya pili upande wa Tanzania, mwaka 1889, akawa huko daktari na katekista hadi kufa kwake mwaka 1956. Kuwa daktari na katekista kwa pamoja kulimaanisha kwamba mkono uliotoa dawa ndio uliofundisha sala, na kimoja hakikulazimika kupunguza kingine.

Uganda ilifanya jambo la kisheria ambalo linafaa kuangaliwa kwa makini na wenye mamlaka wa Kongo. Katika nchi nyingi ni daktari peke yake anayeruhusiwa kuandika mofini, na kwa kuwa daktari hayupo kijijini, dawa nayo haipo. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa kuiandika wenyewe, na serikali ikawa inaitoa bure kwa wagonjwa. Katika utaratibu wa kanda za afya wa Kongo, ambamo Kalemie ina kanda mbili, ile yenye jina la mji na ile ya Nyemba, kituo cha afya huongozwa na muuguzi. Ndiye anayejua nyumba zenye wagonjwa, ndiye anayefikika kwa miguu usiku, na ni kwake chupa ya mofini ingepaswa kufika, ikiwa na daftari la kuhesabu kila mililita inayotoka, kabati lenye kufuli, na mafunzo ya kutosha kumfanya asiiogope.

Gharama ya chupa hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na matanga. Jamaa waliokosa fedha za dawa mwezi mzima hupata, ndani ya siku mbili baada ya kifo, jeneza lenye vishikio vya kung'aa, sare ya kitenge, vipaza sauti na chakula cha mamia, na hawafanyi hivyo kwa ubatili tu, kwa sababu kumzika mtu vizuri ni wajibu, na mchango wa matanga hujengwa juu ya madeni ya heshima ambayo kila mmoja anajua atayahitaji siku yake. Lakini viongozi wa dini, wanaosimama mbele ya mikusanyiko hiyo na kusikilizwa kuliko diwani yeyote, wangeweza kufundisha kwamba mchango uanze mtu angali hai, na jumuiya zinazotembelea wagonjwa kila wiki zina tayari mikono, ratiba na kapu la sadaka la kufanyia hivyo.

Wapo ambao mafundisho haya yanawafikia wakiwa wamechelewa, kwa kuwa mtu wao alikwisha kufa akilia, nao hukaa miaka wakijiuliza kama walimnyima kitu. Wanapaswa kujibiwa bila kuzungukazunguka. Binti aliyekesha, aliyegeuza, aliyefua, aliyesali na hakuwa na dawa ya kutoa, hakumnyima mama yake lolote, na lile neno la ukali lililomtoka saa tisa usiku lilitokana na uchovu wa mtu aliyeachiwa peke yake kazi ya watu wengi. Anayestahili kuulizwa ni aliyekuwa na sheria mkononi asiibadilishe, aliyekuwa na ghala asiagize, na aliyekuwa na mimbari akahubiri subira kwa mtu ambaye hakumuuliza kwanza kama anataka kuvumilia.